Ufadhili wa Elimu ya Wasichana na Kazi ya Wanawake katika Milima ya Usambara, 1891–2021

Utangulizi

Historia ya shule katika wilaya ya Lushoto imeandikwa mara nyingi kama historia ya watoaji. Huanza na wamisionari wawili wa Kijerumani waliofika Mlalo mwaka 1891, hupitia serikali mbili za kikoloni, na huishia kwa mashirika ya hisani yenye ofisi zake Ulaya na Marekani. Katika masimulizi ya namna hiyo wasichana wa Kisambaa huonekana kama watu wa kupokea tu, nao mama zao hawaonekani kabisa. Insha hii inauliza swali lingine: ni nani hasa aliyelipia elimu ya msichana wa Usambara?

Swali hilo lina maana kwa sababu ada ni sehemu moja tu ya gharama ya kumpeleka mtoto wa kike shuleni. Katika jamii ya wakulima wa milimani, ambako maji huteremkiwa bondeni na kuni hupandishwa kwa kichwa, gharama nyingine ni mikono inayoondoka nyumbani. Msichana aendapo shule, kazi yake ya kuchota maji, kupalilia maharage, kulea mdogo wake na kubeba mzigo wa kwenda gulioni haipotei. Inahamia kwa mtu mwingine, na aghalabu mtu huyo ni mama. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ufadhili ulizaa matunda ya kudumu pale ulipouona mzigo huo, na ulidhoofika pale ulipouona mfuko wa ada peke yake. Hoja ya pili, iliyofungamana na ya kwanza, ni kwamba karibu kila wimbi la ufadhili lilikatizwa na uamuzi uliofanywa mbali na Usambara, na kwamba kilichosalia baada ya kila ukatizaji ni kile ambacho wenyeji walikuwa wamekwisha kukifanya chao.

Neno moja linahitaji ufafanuzi kabla ya kuendelea. “Uwezeshaji wa wanawake” ni istilahi ya miongo ya karibuni, nayo imeenea katika ripoti za miradi hata imekuwa vigumu kuiepuka. Kwa maoni ya mwandishi ina kasoro: humchukulia anayewezeshwa kuwa hakuwa na uwezo. Mwanamke wa Kisambaa wa mwaka 1950 alilisha kaya, alitunza mbegu, alijua ni mteremko upi unafaa kwa mahindi na upi kwa viazi. Alichokosa ni haki juu ya ardhi, fedha taslimu, na nafasi ya kusikilizwa. Insha hii inalitumia neno hilo kwa maana hiyo finyu.

Fadhila ya kwanza: kuwahifadhi waliouzwa

Ufadhili wa kwanza wa elimu katika eneo hili ulizaliwa na biashara ya watu. Baada ya mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, ufalme uliokuwa na makao yake Vuga uligawanyika kwa vita vya ndani. Steven Feierman, katika utafiti wake juu ya ufalme wa Wasambaa uliochapishwa mwaka 1974, anaonyesha jinsi Semboja, mwana wa Kimweri, alivyojiimarisha Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara. Huko alipata bunduki na bidhaa za pwani, na sehemu ya malipo yake ilikuwa watu. Wanawake na watoto ndio waliokuwa rahisi kutekwa, na katika miaka ya njaa walitolewa rehani na jamaa zao wenyewe.

Kwa hiyo wale walioitwa “wanafunzi” wa mwanzo katika vituo vingi vya Kikristo vya Afrika Mashariki walikuwa watu waliotolewa mikononi mwa wafanyabiashara. Ndivyo ilivyokuwa Mbweni, Unguja, ambako misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu ilianzisha shule ya wasichana waliookolewa, chini ya Caroline Thackeray tangu mwaka 1877. Ndivyo ilivyokuwa pia Lutindi, katika ukingo wa kusini wa Usambara, ambako mwaka 1896 yalifunguliwa makao ya watoto waliotoka utumwani kwa fedha za wafadhili wa Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wa aina hiyo walipopungua, Lutindi iligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kazi inayoendelea hadi sasa. Mgeuko huo unastahili kuangaliwa. Majengo yalikuwapo, wafadhili walikuwapo, na mhitaji mpya akatafutwa.

Msichana asiye na ukoo alikuwa mwanafunzi rahisi kwa misheni. Hapakuwa na mama wa kuuliza nani atachota maji. Tatizo la mikono lilianza pale misheni ilipotaka binti za watu wenye kaya zao.

Mlalo, Vuga, Gare

Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walitumwa na chama cha misheni kilichoundwa Berlin mwaka 1886, ambacho baadaye kilihamia Bethel, karibu na Bielefeld, chini ya uangalizi wa Friedrich von Bodelschwingh. Mlalo waliipa jina la Hohenfriedeberg. Vituo vya Vuga na Bumbuli vilifuata kabla ya karne kwisha. Mwaka 1897 Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, walianza kituo cha Kikatoliki Gare, na masista wa Damu Azizi waliokuja katika kazi hiyo ndio waliojenga mapokeo marefu ya malezi ya wasichana katika milima hii.

Mafunzo ya wasichana katika vituo vyote hivi yalifanana: kusoma, kuandika, dini, kushona, usafi wa nyumba, ulezi wa mtoto. Lengo lilikuwa wazi. Mwalimu Mkristo alihitaji mke Mkristo, na kijiji cha Kikristo kilihitaji nyumba za mfano. Ni rahisi leo kulicheka lengo hilo, lakini wasichana waliolipokea walikuwa na hesabu zao. Kusoma kuliwapa njia ya kuishi nje ya ukoo kwa muda. Kwa baadhi kulikuwa kinga dhidi ya ndoa wasiyoitaka, kwa kuwa kituo kilitoa hifadhi na kilikuwa na sauti mbele ya jumbe na ofisa wa serikali. Uwezo huo wa kukataa haukuwamo katika mtaala wowote, wala wafadhili wa Bielefeld hawakuuchangia kwa kukusudia.

Mipaka ya fadhila hiyo ilikuwa dini. Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia Usambara kwa njia za biashara na pwani, ukaendelea kukua katika enzi yote ya ukoloni, na wazazi Waislamu walikuwa na sababu nzuri ya kuona kwamba shule ya misheni ilikuwa mlango wa kanisa. Wavulana wao walienda chuoni kusoma Kurani, na baadhi wakapata shule za serikali. Wasichana wao walikosa kote kuwili. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa msaada wa Aga Khan, ilijenga shule katika sehemu mbalimbali za Tanganyika, lakini pengo la miaka hamsini lilikuwa limekwisha kufunguka. Pengo hilo huelezwa mara kwa mara kuwa ni “mila” ya Waislamu kutopenda elimu ya binti. Maelezo hayo ni mepesi mno, kwa sababu yanasahau ni nani aliyejenga shule na kwa sharti gani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuja na ukatizaji wa kwanza. Waingereza waliingia Wilhelmstal, yaani Lushoto, mwaka 1916, na kufikia mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa. Fedha za Ujerumani zilikoma. Wamisionari wa Bethel waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta sharika zipo na watu wanasali na kufundishana. Walimu wa Kisambaa na wake zao walikuwa wameendelea. Jambo hilohilo lilijirudia mwaka 1939, Wajerumani walipowekwa kizuizini tena, na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani wakachukua dhamana ya vituo. Katika barua za makanisa, wanaotajwa ni wainjilisti wanaume. Lakini nyumba ya mwalimu asiyepata mshahara ililishwa na shamba, na shamba lililimwa na mke wake.

Ruzuku na matuta

Utawala wa Kiingereza ulileta aina mpya ya msaada. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes kutembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, serikali ilikubali kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti yake ya walimu na mitaala. Ruzuku iliimarisha shule chache za katikati na kuziacha shule ndogo za vijijini, zile za kusoma na kuandika chini ya mti, bila kitu. Hizi ndizo zilizokuwa karibu na nyumbani, na kwa msichana ukaribu ndio uliokuwa kila kitu: aliweza kuhudhuria asubuhi na bado akafika mtoni kabla ya jua kupanda. Shule iliyo mbali ilihitaji bweni, na bweni lilimtoa mikononi mwa mama kwa miezi.

Katika miaka ileile ambayo maofisa wa elimu walilalamika kwamba wazazi wa Kisambaa hawawapeleki binti zao shule, maofisa wa kilimo waliongeza kazi ya wanawake kwa nguvu ya sheria. Mpango wa kurekebisha bonde la Mlalo ulianza mwaka 1946, kisha ukapanuliwa Usambara nzima. Watu walitakiwa kuchimba matuta katika mashamba ya miteremko ili kuzuia mmomonyoko, na ulishaji wa mifugo ukawekewa vikwazo. Mashamba ya chakula yalikuwa kazi ya wanawake, kwa hiyo jembe la matuta liliwaangukia wao, ilhali faini na kesi ziliandikwa kwa jina la mume mlipa kodi. Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wasomi wa vijijini, ameeleza jinsi upinzani dhidi ya mpango huo ulivyochukua lugha ya kale ya Wasambaa: mtawala mwema huiponya nchi, mtawala mbaya huiharibu. Wanawake walikuwamo katika upinzani huo, na mwaka 1957 mpango uliachwa.

Kwa kawaida historia ya matuta na historia ya shule za wasichana hufundishwa mbalimbali, moja chini ya siasa na nyingine chini ya elimu. Mtu akiziweka pamoja anaona jambo ambalo kila moja peke yake haliwezi kulionyesha. Mama aliyelazimishwa kuchimba matuta mwaka 1952 hakuwa na njia ya kumwacha binti yake akae darasani. Kile kilichoandikwa katika ripoti kama ugumu wa mila kilikuwa, kwa sehemu kubwa, upungufu wa saa katika siku.

Kuhusu Kifungilo, karibu na Lushoto, kuna ushahidi wa aina nyingine. Masista wa Damu Azizi waliendesha hapo makao ya watoto yatima, wengi wao wakiwa watoto wa mchanganyiko wa rangi ambao jamii zote mbili za wazazi wao ziliwaweka kando. Maria Nhambu, aliyelelewa hapo katika miaka ya 1940 na 1950 na baadaye akahamia Marekani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 2016. Ni nadra kupata sauti ya mpokeaji wa fadhila wa kipindi hicho kwa kirefu namna hiyo, na mtafiti anapaswa kumsoma pamoja na ripoti za vituo. Kinachojitokeza ni kwamba kutunzwa na kupendwa havikuwa kitu kimoja, na kwamba mtoto aliyejua tofauti hiyo aliitumia elimu aliyopewa kama njia ya kutoka.

Taifa linachukua shule

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutekelezwa mwaka uliofuata, iliziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa serikali. Kwa Usambara huu ulikuwa ukatizaji wa tatu, na katika suala la dini ulikuwa wa haki. Kwa mara ya kwanza binti wa Kiislamu wa Mlalo aliweza kuingia shule ya msingi jirani bila familia yake kuhofia ubatizo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na vijiji vilijenga madarasa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na malipo, ambayo wanawake walishiriki kwa kubeba mawe, mchanga na maji. Mchango huo haukuthaminiwa kifedha katika hesabu yoyote ya wafadhili, ingawa bila huo mabati na saruji vya msaada visingekuwa na ukuta wa kukalia.

Mlango uliofunguliwa chini ulibaki mwembamba juu. Katika miaka ya 1980 chini ya mwanafunzi mmoja kati ya kumi waliomaliza darasa la saba nchini ndiye aliyepata nafasi katika sekondari ya serikali, na wasichana wa vijijini walikuwa wachache miongoni mwa hao. Njia iliyokuwa wazi kwa wengi ilikuwa ndoa, au basi la kwenda Tanga na Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Usambara ikajulikana mijini kwa mboga zake na kwa wasichana wake wa kazi, na vyote viwili viliteremka kwa barabara moja ya Soni hadi Mombo.

Mazinde Juu

Katika hali hiyo Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Maria ilifunguliwa Mazinde Juu mwaka 1989. Mwanzilishi wake, Padre Damian Milliken, alikuwa Mbenediktini kutoka Marekani aliyekuwa ametumika Tanzania tangu miaka ya 1960. Serikali ilikuwa imelegeza masharti juu ya sekondari binafsi, na nafasi hiyo ndiyo iliyotumiwa. Shule ilikuwa ya bweni, ya wasichana tu, iliyokusudiwa binti za wakulima wa milima hii, na fedha zake zilitoka kwa sehemu kubwa kwa marafiki na parokia za Marekani. Jina la mahali lina kejeli ya historia: juu ya ile Mazinde ambako Semboja aliwateremsha watu kuwauza, wasichana sasa walipanda kusoma.

Mafanikio ya Mazinde Juu katika mitihani ya taifa yanafahamika, na insha hii haina haja ya kuyarudia. La muhimu zaidi kwa mwanahistoria ni mantiki ya mpango wenyewe. Bweni lilimpa msichana kitu ambacho hakuna ada ingeweza kukinunua akiwa nyumbani, yaani jioni. Alikuwa na taa, dawati, na saa mbili au tatu ambazo hakuna aliyemtuma kuni. Lakini bweni hilohilo lilihamisha gharama. Kaya ilipoteza mfanyakazi kwa miaka minne au sita, na mama alibaki na kazi yote pamoja na matumaini kwamba siku moja mshahara wa binti utarudi kupanda mlima. Kwa familia yenye watoto wa kike watatu, kumpeleka mmoja kulimaanisha kwamba wawili waliobaki wangebeba zaidi. Ufadhili unaomchagua mtoto mmoja mwenye akili huingia katika hesabu hiyo ya ndani bila kuiona.

Kuna ugumu mwingine, nao unatokana na mafanikio. Shule inapofaulu, sifa zake hufika mbali, na familia zenye uwezo kutoka mikoa mingine hutafuta nafasi. Ushindani wa kuingia hupanda. Msichana aliyetoka shule ya msingi yenye walimu wachache katika kata ya pembezoni hupimwa kwa mtihani mmoja na msichana aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza mjini. Ada za wenye uwezo zinaweza kuwabeba wasio na uwezo, na hiyo ni hoja yenye nguvu. Hata hivyo bila nafasi zilizotengwa kwa makusudi, shule iliyojengwa kwa ajili ya Usambara inaweza kujikuta ikiwa shule iliyopo Usambara tu. Tofauti kati ya hizo mbili haionekani katika orodha ya matokeo.

Upande wa Kilutheri uliendelea na njia nyingine, ya kuwatafuta walioachwa na kila mtu. Irente kuna makao ya watoto wachanga waliofiwa na mama, na kuna shule ya watoto wasioona. Chuo kikuu kilichofunguliwa Magamba mwaka 2007 kwa kumbukumbu ya Askofu Sebastian Kolowa kilianza na elimu maalumu, jambo lililokuwa na uzito kwa wanawake, kwa sababu mtoto mwenye ulemavu anayekaa nyumbani humfunga mama yake nyumbani pia.

Shule za kata na sanduku la funguo tatu

Kufutwa kwa ada ya shule ya msingi mwaka 2001, ujenzi wa sekondari za kata kuanzia mwaka 2004, na elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016 vilibadili kazi ya wafadhili. Ada ilipoondoka, gharama zilizokuwa zimefichwa nyuma yake zilionekana: sare, madaftari, taulo za kike, chakula cha mchana, na mwendo wa saa mbili katika njia za mlimani wakati wa mvua za masika. Mashirika yaliyosoma hali hiyo mapema yaligeukia hosteli. CAMFED, lililoanza kazi Tanzania mwaka 2005, lilijenga mfumo ambamo wahitimu waliosaidiwa huwasaidia walio nyuma yao, na mfumo huo una faida ya kutotegemea mwanzilishi mmoja. Lushoto kwenyewe, utalii wa utamaduni ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 ulitenga sehemu ya malipo ya wageni kwa ajili ya maendeleo ya vijiji. Kiasi chake ni kidogo, lakini ni fedha ambayo kijiji kinaweza kuijadili.

Sheria nayo ilikuwa na mkono wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, msimamo uliotiliwa mkazo hadharani na Rais mwaka 2017, hadi waraka wa Novemba 2021 ulipomruhusu kurudi. Kwa miongo yote hiyo mfadhili angeweza kumlipia binti miaka mitatu na kumpoteza katika wa nne. Waraka umefungua lango la shule, lakini mtoto aliyezaliwa anahitaji wa kumshika, na anayemshika ni bibi yake, yuleyule mama ambaye insha hii imekuwa ikimfuata.

Ni kwa sababu hiyo vikundi vya kuweka na kukopa, maarufu kama VICOBA, vinastahili nafasi katika historia ya elimu na visiachwe kwa wachumi peke yao. Wanawake hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Baadhi ya miradi iliyovianzisha ilitoka nje, lakini fedha ni za wanachama, na mradi ukifungwa kikundi kinaweza kuendelea. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, asilimia 4 zikiwa za wanawake. Chombo cha kupokea mkopo huo ni kikundi, hivyo mwanamke asiye na kikundi hana pa kuanzia.

Kila kikundi kina daftari. Humo huandikwa jina la mkopaji, kiasi, na mara nyingi sababu ya mkopo: mbegu, mbolea, matibabu, sare, nauli ya mtoto kwenda bweni. Kwa mtafiti anayetaka kujua nani alilipia elimu ya msichana wa Usambara katika karne hii, daftari hizo ni chanzo bora kuliko ripoti ya mwaka ya shirika lolote, kwa kuwa zimeandikwa na walipaji wenyewe. Huwekwa pamoja na fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, nyumbani kwa mwanachama mmoja, na funguo hukaa kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti. Atakayezihitaji atalazimika kuomba ruhusa kwa wote watatu, siku ya kikao.